Kiti cha Mbele

Gari la Nikolao lilikuwa mtumba kutoka Japani, na fundi wake wa pale Masasi hakumficha kitu.

"Aina hii ina ugonjwa wake unaojulikana. Kiwanda kilishatangaza magari hayo yarudishwe yote. Mfuko wa hewa wa abiria wa mbele ukifyatuka, unarusha vipande vya chuma. Naagiza mwingine Dar. Kwa sasa, kiti hicho asikae mtu."

Nikolao akaitikia vizuri sana, kama anavyoitikia kila kitu. Wiki tatu zikapita, mfuko haujafika.

Jumamosi yeye na mkewe wakampitia mkwewe, Mama Yasinta, waende naye harusini Newala. Nikolao akashuka, akainama, "Shikamoo, mama," akamfungulia mlango wa nyuma.

Mama Yasinta hakusogea. "Marahaba. Tangu lini mkwe akapakiwa nyuma kama gunia la korosho?"

"Ni heshima tu, mama. Kiti cha mbele ni kibovu. Kinaweza kuua mtu."

"Umejua lini?"

"Wiki tatu sasa."

Mama Yasinta akachungulia dirishani. Kwenye kiti hicho alikaa mwanawe, Yasinta, mkanda ameufunga, kapu la vitumbua mapajani.

"Na huyu?"



Yasinta akafungua mkanda bila haraka, akashuka na kapu lake, akahamia nyuma kwa mama yake. Njia nzima walipiga soga zao wawili. Mara moja tu ndipo walipomkumbuka Nikolao.

"Dereva," Yasinta alisema, "simama tuchimbe dawa."