Hodi kwenye Kisiwa cha Matete

Bibi Jenifer alishuka kwenye bajaji akiwa amemshika bintiye mkono, na nilipompa shikamoo aliitikia upesi, kisha akaniuliza kama sheshe bado wapo. Nikamwambia wapo, ila si wengi kama zamani.

"Hata mmoja atatosha," alisema.

Bintiye, dada Agnella, alikuwa ameshanieleza kwenye simu. Mama ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na mwanga kidogo, na daktari amesema huo nao hautadumu. Watoto walipomuuliza angependa kuona nini wakati bado anaona, wakidhani atataja bahari au wajukuu walioko Mwanza, alisema anataka kuona sheshe. Alikulia katika kambi ya wavuvi, kisiwani, katikati ya mto Kilombero. Kila asubuhi mama yake akigeuza samaki kwenye kichanja, swala hao wekundu walikuwa wakishuka kunywa maji hatua chache tu kutoka kwenye moshi. Sasa anaishi Mang'ula, na hakuwa amerudi mtoni tangu utotoni.

Mimi nilikuwa nimerudi Ifakara kutoka chuoni na ndoto ya kuwatembeza watu kwa boti, waone wanyama na ndege wa bonde letu bila kuwasumbua. Mjomba Apolinari, mvuvi wa Lupiro, aliikubali ndoto hiyo pamoja na kazi ya kuendesha boti, ingawa aliniita "mwalimu wa viboko" mbele ya wageni wote. Asubuhi ile hakunitania. Alimbeba bibi mgongoni kupita kwenye tope, akamkalisha mbele kabisa, mahali ambapo hakuna mtu wa kumziba.

Tulipanda na mto. Nilimwonyesha viboko, akasema amewasikia. Minana walikuwa wakisuka viota kwenye matete, akafurahia kelele zao. Furukombe, yule tai mla samaki, alipolia, alicheka peke yake kama aliyekumbuka jambo. Nilianza kuelewa kwamba bibi alikuwa akiutembelea mto kwa masikio, na moyo wangu ukazidi kuwa mzito.

Ndipo nikamwona sheshe. Dume, amesimama ukingoni kwenye nyasi zilizokauka, ametulia. Mjomba alizima injini, tukasogea taratibu mpaka nikaweza kuona mistari ya pembe zake. Niliinama sikioni kwa bibi nikamwelekeza: kulia kwako, chini ya ule mti, anatutazama.

Bibi alitazama muda mrefu.

"Nimemwona," alisema. "Asante, mwanangu."

Lakini uso wake ulikuwa umeelekea kwenye kichuguu kilichokuwa mbali na ule mti. Agnella aliangalia maji. Mnyama mwekundu katika nyasi nyekundu, amesimama bila kutikisika: kwa jicho lile hakuwa tofauti na nyasi. Nilitamani bibi angalau alalamike. Alichoomba tu ni kwamba, kama si mbali, tumfikishe Kisiwa cha Matete akakanyage kambi ya baba yake, kisha turudi.

Kisiwa hakikuwa mbali. Mjomba alizima tena injini, akashika pondo na kutusukuma kwenye maji ya kina kifupi. Tulipozunguka kona ya matete, niliwaona. Kundi zima, majike na wadogo wao, wakinywa maji kwenye ncha ya kisiwa. Niligeuka kumpa mjomba ishara anyamaze.

Nilichelewa. Mvuvi wa mto huu hatii mguu kwenye kambi ya mtu kimya kimya. Anayekuja kimya ni mwizi wa nyavu. Lazima upige hodi ukiwa bado majini, usubiri kuitikiwa, hata kama kambi inaonekana tupu, kwa sababu mwenyeji anaweza kuwa amelala. Mjomba amefanya hivyo maisha yake yote. Alikuwa akiangalia vibanda, wala hakuwaona wanyama. Akajaza kifua.

"Hodi kambini! Hodi wenyeji!"

Sheshe waliruka wote kwa pamoja. Nilifumba macho kwa uchungu. Nilipoyafumbua, walikuwa hawajakimbilia ndani ya kisiwa. Walikuwa wakivuka maji, mbele yetu kabisa, kutoka kisiwani kwenda ukingoni, na kila mruko ulirusha maji juu, na jua la asubuhi lilikuwa nyuma ya maji hayo.

Bibi alinishika mkono kwa nguvu.

"Wale," alisema. "Wale pale. Wanaruka."

Kidole chake kiliwafuata, kulia kwenda kushoto, bila kukosea.

"Kuna kadogo kamebaki nyuma. Mama yake anakasubiri."

Ilikuwa kweli. Mtoto mmoja alikuwa akihangaika kwenye maji, na jike mmoja amesimama kumngoja. Alipofika, wakapotea pamoja kwenye nyasi. Agnella alikuwa akilia bila sauti, mkono mdomoni.

Mjomba aliweka pondo chini, akavua kofia. Alimwomba bibi msamaha, akasema ulimi wake wa kivuvi umewafukuza wanyama ambao bibi aliwafuata kutoka mbali.

"Baba yangu naye aliwatimua hivyo hivyo," bibi alisema. "Kila akirudi kutega. Mama alikuwa anamgombeza, na sisi watoto tunakimbia kutazama."

Aliendelea kutazama mahali maji yalipokuwa yakitulia. Kisha akaonekana kama ameshtuka.

"Apolinari, umepiga hodi na hujaitikiwa."

"Hakuna mtu, mama. Vibanda vitupu."

"Mimi je?"

Alijiweka sawa pale mbele, akashusha kitenge mabegani kama mwenye nyumba aliyefika mlangoni.

"Karibuni," alisema. "Karibuni kambini kwetu."

Mjomba alivaa kofia yake, akaitikia "Asante, mwenyeji," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akashika pondo. Bibi alikuwa wa kwanza kushuka. Alitaka kwenda mwenyewe, kwa hiyo nilimpa tu ncha ya kitenge changu aishike.