Maneno Ambayo Mkalimani Hakuyasema

Kazi ya ukalimani aliiokota, hakuitafuta. Aliingia kambini na binti yake na nguo walizovaa, na siku ya kusajiliwa akamjibu afisa mgeni kwa lugha ya afisa mwenyewe, kwa kuwa kabla ya vita alikuwa mwalimu. Wiki ya pili akavalishwa kizibao cha buluu na kupewa kiti cha plastiki kando ya meza ya usajili. Kutwa nzima akawa mdomo wa watu wengine.

Asubuhi moja aliinua macho akamwona kinyozi wa mtaani kwao.

Kinyozi huyo alimnyoa mumewe kila Ijumaa kwa miaka tisa, huku wakitaniana mpaka wapita njia wanasimama. Siku wenye silaha walipoingia mtaani hawakujua nyumba ipi ni ya nani. Kinyozi ndiye aliyetangulia mbele yao akinyoosha kidole. Mumewe alitolewa miguu mitupu, na hakurudi. Sasa kibao kilikuwa kimegeuka, upande wa kinyozi umefurushwa, naye yuko kwenye foleni, amekonda kama ufito, na mkewe na watoto wawili nyuma yake.

"Shemeji," kinyozi akasema kwa sauti ya chini.

Mkalimani akavuta fomu mpya. "Mko wangapi?" akauliza, kama alivyowauliza wote.

"Hapa wanne. Wa tano ni mama. Tumemwacha kwenye shule iliyobomoka, pale darajani. Miguu imevimba, hatua moja haendi. Nimembeba siku mbili, mgongo umekataa. Gari la kambi likienda sasa hivi litamkuta. Nakuomba, shemeji, mwambie."

Mkalimani akamgeukia afisa. "Wako wanne."

"Mbona amesema mengi?"

"Analalamikia njia."

Afisa akaandika wanne, akagonga muhuri. Kinyozi, ambaye hakuambulia hata neno la lugha ile, akaviunganisha viganja vyake kifuani. "Mungu akulipe, shemeji."

Mwanzoni mkalimani alisikia kitu kama shibe. Shibe hiyo haikufika mchana. Mama yake kinyozi alikuwa mkunga, na ndiye aliyempokea binti wa mkalimani duniani. Alikuja na mvua yote ile, mkoba kichwani, akakataa hata nauli. "Huyu mjukuu wangu," alisema, "tusigombane." Mkalimani alijitahidi kumfikiria kinyozi na kidole chake, lakini kila akifumba macho alimwona bibi yule akikamua maji kwenye khanga.

Mara mbili kinyozi alirudi kuuliza kama gari limeondoka. Mara mbili akamjibu, "Nenda kakae." Aliporudi mara ya tatu, saa tisa alasiri, mkalimani aliweka kalamu chini.

"Asubuhi sikukutafsiria yote," akamwambia afisa, na akasema yaliyobaki, na sababu ya kuyaficha.

Afisa hakufoka. Alimwita dereva. Mkalimani akapanda gari bila kuomba ruhusa.

Walimkuta bibi sakafuni, ameegemea ubao wa darasa, midomo imepasuka, chupa ya maji tupu mapajani. Macho hayakuona vizuri, lakini sauti aliijua.

"Ni wewe, mwalimu? Nilijua mwanangu hatanitupa. Kumbe amekutuma wewe."

"Ndiyo, bibi. Amenituma."

"Na mwenzio? Mzima?"

Dereva akageuka kutazama dirishani.

"Mzima," mkalimani akasema.

"Mwambie nimechoka kungojea utani wake."

Bibi alifariki siku ya pili katika hema la matibabu. Daktari alisema figo zilikuwa zimeshaacha kufanya kazi. Angeletwa nusu siku mapema, pengine angepona, pengine asingepona. Mkalimani aliondoka na pengine hizo mbili, na mpaka leo hajui aishi na ipi.

Afisa alimtaka arudishe kizibao. "Hapa hatuulizi nani alifanya nini," alisema kwa upole. "Tunauliza anahitaji nini."

"Mimi nilimhitaji mume wangu," mkalimani akamjibu, kwa lugha ile ya kigeni, bila kukosea hata silabi.

Baada ya mazishi kinyozi alikuja hemani kwake, akasimama mlangoni. "Umemfuata mama yangu kama mwanawe. Baada ya yale niliyokufanyia."

Mkalimani angeweza kunyamaza. Shukrani ilikuwa imeshaletwa mpaka mlangoni, na hakuna aliyemwambia kinyozi lolote. Lakini hakuipokea.

"Asubuhi ile sikumwambia afisa," akasema. "Nilisema mko wanne, basi. Mama yako alikaa pale kutwa nzima kwa sababu yangu."

Kinyozi akachuchumaa, kisha akakaa kabisa mavumbini. Binti akawatazama kwa zamu.

"Kwa hiyo tumelipana?" kinyozi akauliza.

"Hapana. Mama yako hakunyoosha kidole kwa mtu."

Kinyozi akanyanyuka, akaenda zake bila kuaga.

Waliogawa mahema hawakujua lolote kati yao. Mahema yaligawiwa kwa kufuata namba, na namba ikaiangusha familia ya kinyozi kwenye hema linalopakana na lake. Kila asubuhi wanakutana bombani na ndoo zao. Aliyefika kwanza anakinga maji, mwingine anasubiri akitazama chini, na hakuna anayemwomba mwenzake afanye haraka.