Swali la Fundi wa Timu Nyekundu

Fundi wa breki wa timu ya kijani aliolewa na mpinzani: mumewe alikuwa fundi wa timu nyekundu, ile iliyoshinda mbio za magari mwaka nenda mwaka rudi. Siri za gereji waliziacha mlangoni pamoja na viatu, lakini mke hakuacha kuchokonoa.

"Baba watoto, hivi hilo gari lenu mnalilisha nini?"

Mume alicheka tu, kila mara. "Si mnasema aliye juu mngoje chini? Basi ngojeni!"

Yeye hakuwahi kuuliza lolote. Ya nini kumpeleleza anayeshika mkia?

Jumapili hii wekundu walishinda tena, kijani wakaambulia nafasi ya nne. Mke alirudi amenuna, akaosha vyombo kwa vishindo, akijiuliza watu hawa wataangushwa na nani. Mume akachukua kitambaa amsaidie kufuta. Sahani moja aliifuta, akaifuta, mpaka maua yake yakaomba poo.

"Mama watoto."

"Nini?"

"Zile breki zenu... mbona kwenye kona ya mwisho hazikuchemka?"

Mke akafunga bomba, akageuka kumtazama. Tangu waoane, hilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Kumbe huko juu," akasema taratibu, "mmeanza kuchungulia chini."