Nafasi Mia Moja

Kufikia saa nane mchana, programu mbili za kupanga orodha zilikuwa zimeshamkataa Lorraine Thibodeau kwenye kompyuta ya maktaba. Ya kwanza ilitaka namba ya kadi ya benki kabla ya kumwonjesha siku kumi na nne za bure. Ya pili ilidai muda wa majaribio umekwisha, kumbe ni mtu mwingine aliyewahi kuijaribu hapohapo.

Ya tatu ilikubali. Akapanga kadi zake kuukuu za bingo. Majira mawili ya baridi, kila Jumamosi kwenye mlo wa maharage kanisani, alipita meza kwa meza akiandika nyuma ya kadi hizo majina ya watu wa kiwanda cha karatasi walioharibika vifua. Walikuwa mia moja na kumi na watatu. Jina la kwanza lilikuwa lake, maana naye alikuwa akikohoa. Ofisi ya afya ya jimbo ilitaka faili moja la kompyuta kabla ya saa kumi na moja jioni. Asiyekuwemo hatapimwa.

Baada ya jina la mia moja, programu ikagoma.

"Ni toleo la majaribio, bibi," alisema Bethany, mkutubi. "Linabeba mia tu. Zaidi ya hapo ununue."

"Ninunue kwa pesa gani, vifungo vya koti?"

"Basi wapunguze."

Lorraine alitazama kadi. Waliokufa walikuwa kumi na watatu, na hesabu hiyo ilimkata maini. "Wafu hawapimwi," alisema, kama anayeomba radhi. Akawafuta mmoja mmoja, akaingiza wazima waliobaki. Normand, mumewe aliyeishi naye miaka arobaini na mmoja, alimfuta mwisho. Alilia waziwazi, na Bethany akajifanya anapanga magazeti. Kisha akatuma.

Saa kumi na nusu karani wa ofisi ya afya akapiga simu.

"Faili limefunguka vizuri, mama. Watu mia, hakuna aliyefariki. Tunaliweka kwenye yasiyo ya haraka. Labda mwakani."

"Wamekufa kumi na watatu."

"Humu hawamo. Angekuwemo hata mmoja, daktari angekuja mwezi huu."

"Ninazo kadi zao hapa mkononi."

"Karatasi hatupokei, mama. Naona faili tu. Una nusu saa."

Lorraine alikata simu. Akapitia orodha yote, jina kwa jina. Cyr alikuwa na mapacha. Gagnon hakuweza kulala ila akiwa amekaa kitini. Hakumwona wa kumtoa ili mfu mmoja apate nafasi. Akarudi juu kabisa, kwenye mstari wa kwanza.

"Bibi, hilo si jina lako?" aliuliza Bethany.

"Ndilo."

Akalifuta. Mahali pake akaandika: Normand Thibodeau, mashine ya tano, amefariki. Akatuma tena, akafunika mdomo kwa leso na kukohoa hadi kompyuta ikajizima yenyewe kwa kutoguswa.