Uso wa Baba kwenye Chupa ya Volkmar

Kwa miaka kadhaa uso wa baba yangu mzazi uliganda kwenye friza za watu. Ukienda kwa yeyote pale mjini kwetu Kaltenbruch ukafungua friza kutafuta barafu, unakutana na baba, kofia ya uwindaji kichwani, masharubu yameota theluji. Ukienda harusini, baba yuko mezani anatoka jasho. Na pombe iliyokuwa ndani ya chupa ile yenye picha yake, haki ya Mungu, baba asingeisukutulia hata mdomo.

Mwenye chupa ni Volkmar, aliyekuwa mume wangu. Alikuja kwetu hana mbele wala nyuma, anajua kuendesha lori tu, baba akamfundisha kazi. Alimwonyesha mizizi gani ichimbwe kabla theluji haijaanguka, maganda ya machungwa yakaushwe vipi juu ya jiko, mtungi ufunikwe na nini, na zaidi ya yote alimfundisha kungoja. Pombe ya mitishamba ya baba ililala mtungini majira ya baridi yote, haiguswi. Ukiionja inaanza na uchungu, unafuata ukali unaoshuka mpaka tumboni, na utamu unakuja mwishoni, kidogo tu, wakati umeshakata tamaa nao.

Baba alipokufa, Volkmar alingoja mazishi yaishe, akahamia kwa mwenye duka la maua kule bondeni. Kiwanda cha pombe kilikuwa kwenye kiwanja ambacho Volkmar alikuja kurithi kwa mama yake. Nilikwenda mahakamani, na hakimu akasema kiwanja ni cha Volkmar, biashara ni ya Volkmar, na picha iliyo kwenye chupa ni mali ya biashara. Basi. Nikatoka na mitungi ya udongo, kwa sababu hakuna aliyeitaka.

Yeye mitungi ya nini? Alinunua vionjo vya viwandani, akavichanganya na spiriti na sukari asubuhi, jioni anafunga vizibo. Halafu akaanza kuwafundisha watu namna ya kunywa: igandishe mpaka glasi ifanye ukungu, imwage kooni mara moja, usikae nayo mdomoni. Vijana waliipenda. Baba alikuwa na usemi wake, kwamba pombe ya mitishamba inayodai barafu ina jambo inalolificha. Yeye aliinywa hivi hivi, haijapozwa, baada ya nyama, kidogo kidogo. Mafua yakimshika alitia kijiko kimoja kwenye chai. Mama yangu, enzi za uhai wake, aliichanganya na juisi ya tufaha iliyochemshwa, na wanawake wa mtaa mzima walikuja Disemba kufumia sweta zao jikoni kwetu, nasi tulijua walichokifuata.

Watu wakaniambia, samehe, Traudel, maisha ni mafupi. Nikawajibu kwamba kwa kuwa ni mafupi, sina muda wa kupoteza kwenye kusamehe. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini kikishatoka nguoni kisitembee mjini kimevaa sura ya baba yako.

Novemba, siku ya Mtakatifu Hubertus, msimamizi wa wawindaji, tunawinda pamoja msitu wetu wote, kisha tunakula kwenye nyumba ya wawindaji. Mimi nina leseni, na bunduki ya baba ninayo, lakini mwaka ule goti lilinisumbua, nikachukua kazi ya jikoni. Mzee Ottokar, mkuu wa wawindaji na rafiki wa baba tangu ujana wao, alinipigia simu mapema. Alisema Volkmar anakuja, na analeta mgeni, Bwana Lüders, mwenye mahoteli ya pwani ya kaskazini. Bwana huyo anataka kuweka chupa zile katika kila chumba cha wageni, na siku hiyo ndiyo watakayopeana mikono. Mzee Ottokar akaniomba nisilete vita. Nikamwambia mimi naleta supu ya njegere tu.

Nilipokata simu nilikaa chini. Kila chumba. Maelfu ya watu wasiomjua baba wataitazama sura yake, watakunywa ile sukari, na watasema, kumbe huyu mzee ndiye aliyepika takataka hii. Kaltenbruch angalau tulikuwepo tuliomkumbuka. Huko pwani nani angemtetea? Nililia kwa hasira, kisha nikafuta uso nikaenda ghalani, nikafungua mtungi wa pombe niliyoilaza na kuifunika mwenyewe, kama baba, nikajaza jagi.

Sasa, sisi wawindaji glasi tunaishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ni wa bunduki. Anayekosea anafikishwa mbele ya mahakama ya mezani, palepale, kabla nyama haijaletwa. Kesi zenyewe ni za mzaha: huyu kakosa shabaha hatua chache, yule kasahau risasi nyumbani. Sheria zake ndizo si mzaha. Aliyemwona wa kwanza ndiye mshtaki, na mshtaki ndiye anayetaja adhabu. Adhabu inadumu mpaka mshtaki mwenyewe aiondoe. Mshtakiwa hakatai, na hakasiriki. Akikasirika anavua tawi la msonobari tunalovaa kofiani kama alama yetu, analiweka mezani, na msitu wetu haumwoni tena.

Volkmar hakuwahi kushtakiwa hata mara moja. Ni mjanja, na mkono wake wa kushoto haujawahi kumsahau. Ndiyo maana nilijua itabidi nimsaidie.

Waliingia alasiri, viatu vimelowa, baragumu zimeshapigwa, kwa desturi, juu ya wanyama waliouawa na kulazwa kwenye matawi. Volkmar alikuwa kaangusha nguruwe mwitu dume, tawi bichi linang'aa kofiani, kifua mbele. Akaingia na ndoo za barafu zenye chupa, akazipanga meza nzima, uso wa baba ukitazama kila sahani. Akaniona mlangoni mwa jiko.

"Traudel, mama," akasema kwa sauti ya watu wote, "bado unachemsha majani yako kule ghalani?"

Wengine walicheka. Nikacheka nao, nikaenda kutazama birika.

Glasi zikajazwa. Mzee Ottokar akasimama, na wote wakasimama, glasi mkono wa kushoto. Wa Volkmar pia, sawasawa kabisa. Nikachukua chupa moja, nikaifuta barafu kwa aproni, nikampitia upande wa kushoto.

"Mgeni wako hajaiona picha vizuri," nikamwambia taratibu. "Mwonyeshe."

Nilijua hataweza kujizuia. Namfahamu mtu huyo, nimemfulia soksi. Glasi ikahamia mkono wa kulia, wa kushoto ukaipokea chupa, akaiinua juu kumwelekea Bwana Lüders, meno yote nje. Mzee Ottokar akatamka salamu ya uwindaji, ukumbi ukaitikia, wote wakanywa. Volkmar akanywa kwa mkono wa kulia.

"Mzee Ottokar," nikasema, "nina kesi."

Vijiko vikagonga meza. Volkmar akatazama mkono wake, kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa. Lakini akacheka, angefanyaje, akapelekwa katikati ya ukumbi akasimama kofia mkononi. Nikaeleza kosa. Mashahidi walikuwa ukumbi mzima. Mzee Ottokar aliniangalia kwa jicho la mtu aliyeahidiwa supu akaletewa kingine, akaniuliza adhabu yangu ni ipi.

Nikasema, anywe pombe yake kwa desturi ya mzee aliye kwenye chupa, bila barafu, na sisi tumsindikize. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni adhabu nyepesi. Birika lilikuwa tayari kwenye jiko la vigae linalopasha ukumbi joto, likipata uvuguvugu. Nikamimina chupa zake mle, nikasubiri kidogo, nikapita na vikombe.

Harufu ilitangulia vikombe. Ilikuwa ya sukari iliyoungua na dawa ya kikohozi ya watoto. Kicheko kikaanza kupungua upande wa jiko, kikaendelea kupungua mpaka mlangoni. Mke wa mchinjaji alionja akarudisha kikombe chini. Bwana Lüders alimeza, akatafuta maji. Volkmar alikunywa chake chote, macho yamemtoka, akasema, si mbaya, si mbaya.

Nikapita mara ya pili na jagi la udongo. Sikusema ni nini. Mzee Ottokar aliinusa, akainusa tena. Akanywa kidogo, akafumba macho, akakaa nayo mdomoni kama tulivyofundishwa.

"Huyu ndiye Gisbert," akasema.

Hilo ndilo jina la baba. Wazee waliokunywa jikoni kwetu walishika vikombe kwa mikono miwili, na mke wa mchinjaji alifuta macho waziwazi. Bwana Lüders akamuuliza Volkmar, kwa adabu, mbona ile ya pili haikuletwa ofisini kwake. Volkmar akaanza kueleza mambo ya ladha za kisasa na vijana. Nikamkata.

"Adhabu yangu haijaisha. Amvue baba yangu kwenye chupa hizi zote kabla supu haijapoa. Na asimvalishe tena mpaka nitakapomruhusu mimi."

Volkmar aliweka kofia kichwani, akaitoa tena. Shingo ilikuwa nyekundu.

"Traudel, huu sasa si mzaha," akasema. "Hakimu wa kweli ameshaamua. Ile picha ni yangu."

Mzee Ottokar aliinamia meza.

"Umekasirika, Volkmar?"

Nilimwona akipiga hesabu. Tawi kofiani. Msitu. Watu wale wote, ambao ndio wateja wake, ndio wenye baa, ndio wenye harusi, wakimtazama, na mbele ya kila mmoja kikombe cha baba kimebaki kitone. Mkono wake ulilifikia tawi, ukaligusa, ukashuka.

"Sijakasirika," akasema.

Nilimletea beseni la maji ya moto mwenyewe. Nilimwekea na kiti. Akaanza kuloweka chupa moja moja na kubandua kwa kucha, na sisi tukala supu. Sitadanganya kwamba nilimhurumia. Kila uso uliotoka niliupokea kwenye kiganja, nikaubandika kwenye vigae vya jiko ukauke, mpaka jiko zima likawa baba tupu, amekunjamana, ameloa, lakini yuko kwake. Mmoja ulichanika kidevuni. Nilimwambia auunganishe vizuri, naye akauunganisha. Nyama ilipoletwa, Bwana Lüders alimwambia atafikiria, akaondoka kabla ya kahawa.

Picha hiyo haijarudi. Alijaribu mara moja tu, kwenye sikukuu ya mji, na mwenye baa akamrudishia kreti lote bila kulifungua. Siku hizi chupa zake zina kichwa cha kulungu, kinachofanana na mbuzi, na zinauzwa zaidi kituo cha mafuta. Bwana Lüders aliniandikia akitaka pombe yangu, nikamjibu kwamba mitungi yangu ni michache na wanywaji wake wapo tayari.

Mwaka uliofuata, siku ya Hubertus, Volkmar alikuja kwa miguu. Hakuwa na mgeni wala ndoo. Yule wa maua alikuwa ameshamtoa. Alikaa mwisho wa meza, karibu na mlango unakopita upepo, na baada ya nyama nilipita na jagi kama ninavyompitia kila mtu, kwa maana mezani pa wawindaji hakuna anayerukwa. Nikamtilia.

Alishika kikombe kwa mkono wa kushoto, kwa uangalifu mkubwa. Akanywa kidogo. Niliuona uchungu ukimpata, kisha ule ukali, nikasimama palepale kungoja utamu nao ufike. Ulipofika, alifumba macho. Kimawazo alikuwa ameketi jikoni kwa baba yangu, najua, kijana wa lori asiye na kitu, anapewa mwiko akoroge.

Alikinywa mpaka kikaisha, akakitazama kikombe ndani, akaninyooshea.

"Niongeze kidogo tu, mama Traudel. Tafadhali."

Jagi lilikuwa limejaa. Alikuwa analiona, mimi nalishikilia kwa mikono miwili kwa uzito.

"Imekwisha," nikamwambia, nikapita kwa jirani yake, nikamjazia.