Chupa Iliyoandikwa Kafuri

Siku hiyo Kokushubira, Mama Vero kwa majirani, alikuwa hoi. Asubuhi alichuma kahawa shambani kwake Ihembe, mchana akakanda migongo mitatu katika chumba chake cha kukandia watu pale Kayanga, na mafua yalikuwa yamemziba pua, hasikii harufu yoyote. Alitaka kufunga mlango akalale. Lakini Shufaa, muuza vitenge wa duka la jirani, alikuwa ameshaingia na kuketi.

Huyu Shufaa hakuwa mteja wa kurudishwa. Alimuuguza mama yake miaka miwili, akimgeuza, akimbeba, akimlisha, na tangu wamzike ilikuwa wiki ya tano. Mkono wa kulia ulikuwa haupandi. Akianza sala, jamani, inabidi ausaidie kwa wa kushoto. Usingizi hana. Chozi nalo hajatoa hata moja, mpaka wifi zake wakaanza kumsema kwamba ana moyo mkavu. Vidonge vya hospitali alivimaliza vyote, wapi. Alimwambia Kokushubira kwamba na yeye akishindwa, basi tena, duka atalifunga.

Kokushubira alimlaza kifudifudi, akamfunika kanga kiunoni, akachukua chupa mpya. Kwa mzee Abdulkarim, muuza mafuta, alikuwa ameagiza mafuta ya karafuu, yale ya kupasha misuli moto. Kikaratasi cha chupa kiliandikwa kwa kalamu: kafuri. Alipokisoma alicheka peke yake, akasema mzee wa watu macho yamemchoka, karafuu anaiandika kafuri. Angenusa angejua, lakini kwa pua ipi? Akachanganya na mafuta ya nazi, akaanza mabegani.

Mgongo ulikuwa mgumu kama ubao wa kukatia nyama. Alikandamiza kwa vidole gumba, akashuka, akapanda, mikono yake mwenyewe ikimuuma. Misuli ikaanza kulegea, naye akafurahi kidogo, furaha ya mtu aliyechoka. Mara harufu ikamfikia Shufaa, mwili wake wote ukakakamaa.

Shufaa aliuliza ni mafuta gani hayo. Kokushubira akasema ni karafuu, akampa chupa aisome. Aliisoma, akairudisha, akalaza uso kwenye mto.

“Hii siyo karafuu, Mama Vero. Hii kafuri ndiyo tunayotia kwenye maji ya mwisho, tukiosha maiti.”

Kokushubira aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Miaka yote anakaa na Waislamu, pilau ya Idi anakula kwao, na hilo hakulijua. Akaomba radhi, akavuta taulo amfute. Shufaa akamwambia aache.

“Nilimwosha mwenyewe,” alisema. “Wenzangu walikuwa wanamwagia maji taratibu, mimi nikawa nawaharakisha. Nilikuwa nimechoka naye, Mama Vero. Nilitaka yaishe nikalale.”

Ndipo kilio kikamtoka, kile kilichokaa ndani wiki tano, na mabega yakatikisika chini ya mikono ya mkandaji. Kokushubira hakumwambia anyamaze. Jua lilikuwa limeshakwenda, mgongo wake mwenyewe ulikuwa unawaka, na yeye pia alitaka yaishe akalale. Akamimina mafuta mengine kiganjani, akaanza upya kuanzia shingoni, taratibu.