Mawese kwenye Kitako cha Bunduki

Mafuta yalipungua Jumatano, na Bi Nasma hakuuliza. Angeuliza nini? Alimwona mumewe kwa macho yake akitoka jikoni na kopo zima la mawese, kidevu juu, anatembea kama kadhi anayekwenda kufungisha ndoa. Akamwacha apite. Miaka ishirini na sita ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba kumuuliza Swaibu jambo ni kujitafutia hotuba.

Mzee Swaibu alikuwa fundi bunduki, hapo hapo Ujiji. Leseni yake ilining'inia barazani ndani ya fremu ya kioo, na mgeni yeyote aliyekaa zaidi ya dakika tano alisomewa mpaka mhuri. Babu yake alitengeneza magobore ya wawindaji, baba yake vilevile, na ukimsikiliza yeye ungedhani risasi haitoki mtutuni bila ruhusa ya ukoo wao. Yote hayo Bi Nasma aliyasikia kila siku ya Mungu. Alichokijua yeye, na ambacho hakikuandikwa kwenye fremu, ni kwamba mikono ya fundi huyo ilianza kutetemeka miaka minne nyuma, na tangu hapo kila kitako, ule mwili wa mbao unaobeba mtutu, kilichotoka kwenye karakana ile kilichongwa na Nikodemu.

Nikodemu alikuwa seremala wa Kirundi. Alivuka ziwa mwaka tisini na tatu na mkewe Rozalia, patasi tatu na gunia la nguo. Wenzake walipelekwa kambini. Yeye alipata kibali cha kukaa mjini kwa sababu Swaibu alitia sahihi kwamba ni mfanyakazi wake. Chuma hakukigusa. Sheria ilikataza na yeye mwenyewe hakutaka. Alichonga mbao, akaiweka mezani, na Swaibu ndiye aliyeiunga na mtutu na kupokea sifa. Wateja walipoulizia kazi nzuri namna ile imefanywaje, mzee alikohoa kwa madaha na kusema, "Damu, bwana. Ni damu." Damu ya nani? Loo!

Sasa, bunduki iliyoleta balaa ilikuwa ya Walter, afisa wanyamapori kutoka Moshi, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Nyama. Bunduki yake mwenyewe, ina karatasi zake zote, mtutu umeagizwa kutoka ng'ambo ili afikie mamba aliyeko mita mia tatu. Walter anatumia mkono wa kushoto, tena ana shingo ndefu, kwa hiyo kitako ilibidi kichongwe kwa kipimo cha mwili wake. Nikodemu alikichonga kwa mninga mkavu uliokaa chini ya kitanda masika mawili. Kilitoka safi mpaka Bi Nasma, ambaye bunduki hazimhusu, alikipapasa.

Kilichobaki ni kukipaka mafuta ya kitani, yale yanayokauka juu ya mbao na kuzuia maji. Na mafuta ya kitani yalikuwa yamekwisha. Mabehewa ya treni siku hizo yalijaa mahindi ya msaada, mizigo ya wafanyabiashara ikalala stesheni Tabora wiki baada ya wiki. Mtu mwenye akili angemwambia mteja asubiri. Lakini Swaibu alishaahidi Ijumaa mbele ya watu, na Swaibu hakosi ahadi, bora aharibu kazi. Ndipo akaja jikoni kuchota mawese.

"Mzee, haya hayakauki," Nikodemu alimwambia. Bi Nasma alikuwa uani anapepeta mchele, alisikia kila neno. "Mvua ikija, mbao itakunywa maji. Itavimba, isukume mtutu."

"Babu yangu alipaka nini?" Swaibu alifoka. "Si mawese haya haya? Mkimbizi hanifundishi kazi!"

Babu yake! Gobore la babu lilipigwa hatua arobaini, kwa nguruwe aliyesimama anakula mihogo. Hata kitako kingevimba kama andazi, nguruwe angekufa tu. Bi Nasma alitaka kumwambia hivyo, akameza maneno, akaendelea kupepeta. Kunyamaza huko alikuja kukujutia.

Mvua za mwaka ule zilimwagika bila huruma. Wiki sita baadaye, alasiri ya Jumatatu, Walter alirudi na bunduki begani na uso umejikunja. Wiki hiyo hiyo askari walikuwa wanapita mitaani kukusanya wakimbizi wanaoishi nje ya kambi, na malori yamepangwa uwanjani Katubuka. Nikodemu alikuwa amekikunja kibali chake mara nne na kukiweka mfukoni mwa shati, alale nacho, aamke nacho.

"Shikamoo, Mzee Swaibu."

"Marahaba, Bwana Nyama. Karibu, karibu. Umekuja kunishukuru?"

Walter hakucheka. Alitandaza karatasi mbili za shabaha barazani. Ya kwanza ilikuwa ya wiki ile aliyoichukua bunduki, kabla ya mvua: matundu matano yamebanana katikati. Ya pili ya wiki iliyopita: matundu matano yamehamia kulia, hata ukingo wa duara hayajaugusa. Akaeleza jinsi alivyoitwa Bangwe kumpiga mamba, akakosa mara tatu mbele ya wauza dagaa, na wale akina mama wakampigia mamba vigelegele. Bi Nasma, aliyekaa mlangoni anamenya vitunguu, alijikuta anatabasamu. Hakuwa na habari na mabwana wakubwa wa kutoka mbali wenye darubini juu ya bunduki.

"Sikuja kugombana," Walter alisema. "Nimekuja na karatasi." Akatoa noti moja mfukoni, akaiingiza kati ya mtutu na mbao, akaivuta. Noti inatakiwa kupita kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu mbao haitakiwi kuugusa mtutu hapo. Ilifika katikati ikakwama. "Unaona, Mzee? Mbao imevimba upande mmoja. Na inanata. Nani alifanya kazi ya mwisho hapa?"

Swali dogo. Jibu lake lilikuwa neno moja, "mimi", na mambo yangekwisha. Bi Nasma aliinua macho kutoka kwenye vitunguu kumtazama mumewe, na kabla mdomo haujafunguka alishajua.

"Yule Mrundi," Swaibu alisema. "Mimi nilikwenda Kalinzi, mazikoni. Kurudi nikakuta amekipaka madudu yake, kitako kimeshaungwa na kila kitu. Hawa watu, Bwana Nyama, unawasaidia, wanakuharibia."

Nyuma ya ukuta, karakanani, randa ilikuwa inakwaruza mbao tangu mchana. Ikanyamaza.

Walter alikaa wima. "Unaniambia mkimbizi aliachiwa bunduki yangu, nzima, peke yake?"

"Ndiyo hivyo. Utafanyaje?"

"Mzee, kama ni hivyo hili si jambo la mbao tena. Itabidi niandike polisi. Atachukuliwa leo leo, na unajua wakati wenyewe ulivyo."

"Andika," Swaibu akasema, na akajiegemeza kwenye kiti kama mtu aliyemaliza kula.

Bi Nasma aliweka kisu chini. Alimwangalia yule mwanaume aliyezaa naye watoto watano na, wallahi, alichoona hakikumtia hata hasira. Aliona kitu kidogo, kikavu, kimekaa chini ya fremu. Akaenda jikoni, akarudi na dumu, akalitua juu ya zile karatasi za shabaha.

"Nusa hilo, Bwana Nyama. Halafu nusa bunduki yako."

"Nasma, ingia ndani," Swaibu alisema.

"Nusa, baba."

Walter akanusa dumu, akanusa kitako. Hakuhitaji kurudia.

"Ni mawese ya jikoni kwangu," alisema Bi Nasma. "Aliyechota ni huyu hapa, kwa kopo la chai, Jumatano ile kabla hajakukabidhi. Nikodemu alimwambia hayakauki. Nilikuwa uani nasikia. Na Kalinzi gani? Huyu mara ya mwisho kupanda mlima kwenda Kalinzi alikuwa na meno yote!"

"Ukitamka neno jingine moja, unarudi kwenu!"

"Kwetu?" Bi Nasma alicheka, kicheko kibaya. "Kwetu ndiyo hapa, Swaibu. Nyumba ya marehemu baba. Wewe ndiye uliyeingia humu na begi moja na babu yako. Ukitaka nirudi kwetu, nisogezee kiti nikae."

Walter aliigeuzageuza bunduki. Alipozungumza hakupaza sauti. "Mzee Swaibu, mimi nilikuja na kosa la mbao. Fundi akikosea anapewa nafasi arudie, hayo ndiyo ninayoyajua. Hata mimi nina fungu langu: niliiacha siku mbili kwenye boti, haina turubai, mvua inapiga. Nilikuja kukwambia na hilo. Ungesema tu ni wewe." Akapumua. "Kitako kichongwe upya, kikae mpaka kikauke, mafuta ya kitani nitaagiza mwenyewe kutoka Dar. Siandiki kitu kwa mtu. Lakini yule fundi wako asikie kutoka kwako, hapa, mbele yangu."

Hapo Bi Nasma aliona moyoni kwamba huyu wa Moshi, pamoja na shingo yake, ni mtu. Akaenda mwenyewe kumwita Nikodemu.

Karakana ilikuwa tupu. Patasi zilifutwa na kupangwa kwa ukubwa, vumbi la mbao limefagiwa. Alikimbilia chumba cha uani walikoishi: mkeka umekunjwa, sufuria la Rozalia halipo, na Rozalia mwenyewe, mwenye mimba ya miezi saba, hayupo. Juu ya benchi la kazi kililazwa kibali, kimekunjuliwa, sahihi ya Swaibu juu. Mkimbizi aliyesikia akitajwa pamoja na bunduki hasubiri kuitwa. Alikwenda kwenye malori mwenyewe, kabla hajafungwa pingu mbele ya mkewe.

"Amekwenda!" Bi Nasma alipiga kelele. "Swaibu, umemfukuza mtu kwa kopo la mawese!"

Walter alishawasha gari. Swaibu alibaki kitini, anasema mguu unamuuma. Bi Nasma aliichomoa fremu ukutani, akamtupia mapajani. "Panda, au hiyo nakwenda kuwashia jiko." Akapanda.

Uwanjani malori mawili yalishajaa. Nikodemu alikuwa kwenye la tatu, amesimama kando ya Rozalia aliyekalia gunia. Askari mwenye orodha aliwauliza wanamjua nani, na Bi Nasma akaonyesha kibali, akasema mwenye sahihi ndiye huyu, aseme. Watu wakageuka kutazama. Swaibu akajikohoza.

"Huyu ni mfanyakazi wangu. Kulikuwa na... kutoelewana kidogo."

"Hapana, Mzee," Nikodemu alisema kutoka juu ya lori. Hakuwa na hasira, ila hakusogea. "Siku ile ulipopaka, nilikwambia nini?"

Swaibu akatazama chini. Bi Nasma hakumsaidia. Walter naye akajifanya anakagua tairi.

"Uliniambia hayakauki."

"Na wewe ulinijibu nini?"

Lori lilikuwa limewashwa. Mikono ya mzee ilitetemeka mpaka kioo cha fremu, ambayo bado ameishikilia kama mjinga, kikawa kinagonga. "Nilikujibu mkimbizi hanifundishi kazi," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo Bi Nasma hakuwahi kuisikia kwa miaka ishirini na sita: "Kazi ile niliharibu mimi. Huyu hakuigusa."

Askari akakisoma kibali, akakirudisha, akafuta majina mawili. Nikodemu akamshusha kwanza Rozalia.

Kesho yake Nikodemu hakwenda karakanani. Bi Nasma alimtolea meza kwenye baraza yake ya nyuma, na kibali akakifungia kwenye sanduku lake la khanga, ambako hakuna wa kukitumia kumtishia mtu. Wateja wa vitanda na milango wakaizoea njia ya nyuma. Mbele, Swaibu alikaa siku kumi chini ya msumari mtupu, hakuja mtu wa kusomewa.

Siku ya kumi na moja alizunguka nyumba, pole pole, amekumbatia gogo la mninga. Akalitua mezani kwa Nikodemu kama mtu anayeleta mgonjwa. "Ni ya Bwana Nyama," alisema. "Nakuomba."

Nikodemu aliligonga kwa kidole, akatega sikio, akalinusa upande uliokatwa. "Hii bado mbichi, Mzee. Iweke chini ya kitanda. Tutaitazama masika yakipita."

Bi Nasma alisubiri yale ya babu yaanze. Hayakuanza. Swaibu alisema, "Haya, fundi," akalibeba gogo lake, akaingia nalo ndani.